Mtoto mdogo acheze wapi Dar es Salaam? Mwongozo kamili wa kutafuta, kukagua na kutunza mahali pa kuchezea

Ukitaka kujua kama mahali panamfaa mtoto anayejifunza kutembea, mpeleke, kaa naye robo saa, kisha ujisikilize mwenyewe. Kama kila mara unasema "acha", "usiguse", "rudi hapa", "hebu toa hicho mdomoni", hapo hapajamfaa, hata kama pana bembea za rangi na kiingilio umeshalipa. Ukiona unaweza kunyamaza dakika mbili tatu ukimtazama tu anavyookota majani na kuyahamisha kutoka hapa kwenda pale, basi umepata.

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, shangazi au dada wa kazi anayeshinda na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu Dar es Salaam. Aliye Tanga au Mombasa ataona mengi yanamhusu pia, maana bahari ni ileile na jua ni lilelile. Nimeuandika kwa sababu naona watoto wengi wa mjini wanakua kati ya kitanda, televisheni na mgongo wa mlezi, na wazazi wao si wavivu. Hawajui tu waanzie wapi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuutumia mwili wake kila siku, yaani kutembea, kupanda, kukimbia, kusukuma na kubeba vitu. Dakika hizo zinaweza kutawanyika tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto wa mwaka mmoja hatakiwi kuwekwa mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sasa piga hesabu: saa tatu kila siku haziwezi kupatikana kwa kwenda Mlimani City Jumapili moja moja. Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi ni kupata sehemu ya jirani, ya kila siku, isiyo na nauli. Sehemu za matembezi nimezieleza pia huko mbele, ila zisitangulie.

Hatua ya kwanza: zunguka mtaa wako, dakika kumi tu

Toka mlangoni kwako utembee dakika kumi kwa mwendo wako kila upande. Huo ndio mpaka wako. Mtoto wa mwaka na nusu atahitaji nusu saa au zaidi kwa njia hiyohiyo, kwa sababu kila kizibo cha soda kina habari yake. Usihesabu safari hiyo kuwa usumbufu. Nayo ni mchezo, mradi njia yenyewe iwe salama.

Tazama vitu ambavyo huwa unavipita bila kuviona. Shule ya msingi yenye uwanja na uzio, ambayo baada ya masomo na siku za Jumamosi huwa kimya. Uwanja wa kanisa. Eneo la nje la msikiti lenye mti na kivuli. Ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo mara nyingi ina kiwanja kidogo mbele yake. Ua wa nyumba ya jirani mwenye nafasi, na hasa ua wa bibi aliyebaki peke yake baada ya wajukuu kuhamia Dodoma. Njia ya ndani isiyopitika kwa gari. Kwa waliopanga nyumba za pamoja, ule ua wa kufulia katikati unaweza kuwa uwanja mzuri kuliko wote, ukishapangwa.

Mapagale yaondoe kwenye orodha tangu mwanzo. Nyumba isiyokwisha ina mashimo ya choo yaliyo wazi, nondo zilizochomoza na ngazi zisizo na ukingo, na huwezi kujua nani alilala humo usiku.

Ukipata sehemu tatu, inatosha. Moja ya asubuhi yenye kivuli, moja ya jioni, na moja ya siku ya mvua.

Hatua ya pili: kagua bila mtoto

Hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Nenda bila mtoto, lakini mchukue yule atakayekuwa naye mchana. Kama ni dada wa kazi, mchukue dada. Wazazi wengi hufanya uchunguzi wao wikiendi, halafu Jumatatu wanamkabidhi mtoto mtu ambaye hajaonyeshwa kitu. Mwonyeshe, na umsikilize: yeye ndiye anayejua gari la maji hupita saa ngapi na mbwa wa nani huachiwa asubuhi.

Mkishafika, chuchumaa. Macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto. Utaona mengi yaliyokuwa yamejificha chini ya magoti yako: pembe ya bati, waya uliochomoza kwenye uzio, tundu la kumpitisha mtoto mzima.

Anza na maji. Kabla ya magari, kabla ya mbwa, tafuta maji. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokumbwa zaidi na kifo cha maji kuliko umri mwingine wowote, na hawahitaji bahari. Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito kuliko sehemu nyingine za mwili. Akiinama kwenye ndoo na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumziba pumzi. Tena hazami kwa kelele. Hapigi ukunga. Ni kimya tu. Kwa hiyo tafuta ndoo na mapipa ya kukinga maji, beseni la nguo, kisima, shimo la simtanki la chini ya ardhi, karo, chemba ya maji taka yenye mfuniko uliopasuka, mtaro wa mvua wa kandokando ya barabara. Kila mfuniko ukanyage kwa mguu mmoja, taratibu, mwili wako wote ukiwa nyuma. Unaocheza huo haufai. Ndoo na beseni zimwagwe na kufudikizwa kabla mtoto hajatolewa nje, na pipa lifunikwe kwa kitu kizito ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Kama kuna kisima kisicho na mfuniko wa kufungwa, sehemu hiyo iache, usijaribu kuitetea kwamba "tutakuwa tunaangalia".

Baada ya maji, magari. Hatari kubwa ya mtoto mdogo si gari lendalo kasi barabarani peke yake, ni gari la nyumbani linalorudi nyuma. Dereva hamwoni mtoto aliyekaa chini nyuma ya tairi, hata awe baba yake mzazi. Kwa hiyo ua unaoegeshwa magari hautumiki kwa mchezo isipokuwa geti limefungwa na funguo za gari ziko kwako, au mtoto awe mikononi kila gari linapowashwa. Kwenye viwanja vya wazi chunguza njia za bodaboda. Utaziona zimechorwa kwenye vumbi, zinakata kiwanja kwa mshazari. Kaa upande ambao hazifiki, au zuia kwa mawe makubwa baada ya kukubaliana na wenye mtaa.

Kisha ardhi yenyewe. Pita ukiburuta kandambili, sikiliza na utazame: vipande vya chupa, misumari ya bati, wembe, sindano, vizibo, betri kuukuu. Zile betri bapa ndogo za saa na vidude vya kuchezea ni hatari kubwa. Mtoto akiimeza inaunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali papo hapo bila kusubiri choo. Angalia pia kinyesi cha mbwa na paka. Mabuu ya minyoo huingia kupitia ngozi ya mguu mtupu, ndiyo maana viatu vya kukaza vinahitajika kwenye mchanga usioujua.

Mchanga wa ujenzi nauzungumzia peke yake kwa sababu uko kila mtaa na kila mtoto anaupenda. Ni kifaa bora cha kuchezea ambacho mji huu unacho bure. Lakini paka huutumia usiku kama choo, na mafundi huacha chokaa na saruji kando yake, ambazo huunguza macho na ngozi. Kama mwenye nyumba anakubali, chukua karai mbili tatu za mchanga safi, zimwage pembeni kwenye ua wako, ndani ya tairi la gari lililolazwa, ufunike kwa turubai kila jioni. Kopo, kijiko cha mti na chupa ya maji isiyo na kifuniko vinamtosha mtoto kwa asubuhi nzima.

Kwenye mimea nako ipo ya kuogopwa. Uzio wa minyaa una utomvu mweupe unaoweza kumuumiza mtoto macho vibaya. Mbono, unaopandwa kama uzio, una mbegu zenye sumu zinazofanana na karanga. Mnyonyo vilevile: mbegu zake zenye madoa zinavutia kuchezea na ni sumu kali. Sehemu yenye mimea hiyo, ama ing'olewe au mhame. Na usimkalishe mtoto chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, hata kama ndicho kivuli pekee. Mwembe ni mzuri mwaka mzima, ila msimu wa maembe uangalie juu na uangalie pia nani anarusha mawe.

Mbwa: uliza kila nyumba inayopakana. Mtoto aking'atwa au hata kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usikubali kuambiwa "mbwa huyu ni wa nyumbani".

Mwisho, watu. Kaa hapo saa nzima ujue ni nani hukaa. Kijiwe cha bodaboda, meza ya bao, muuza genge, wanafunzi wanaorudi shule. Watu wengi wa kudumu, wanaofahamiana, ni ulinzi. Sehemu isiyo na mtu kabisa sio salama kwa sababu tu ni tulivu. Na hata palipo na watu wema, mtoto wa umri huu haachwi kwa mtu ambaye hujamchagua mwenyewe.

Hatua ya tatu: omba ruhusa na ujenge ujirani

Wengi wanaruka hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya mahali padumu. Usiingize mtoto kwenye uwanja wa shule au kanisa kimyakimya. Nenda kwa mlinzi, kwa mwalimu mkuu, kwa mzee wa kanisa, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Maneno hayahitaji kuwa mengi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante. Mimi nakaa nyumba ile ya geti la kijani. Nina mtoto mdogo, nyumbani hatuna nafasi. Naomba tuwe tunakuja hapa jioni, nusu saa hivi, chini ya huo mti. Tutaondoka na uchafu wetu."

Mara nyingi jibu ni "hakuna shida, mwanangu", na baada ya wiki mzee huyo ndiye atakayemfukuza mbwa kabla hujafika. Bibi anayekaanga maandazi pembeni mnunulie maandazi. Jina la mtoto wako alijue. Akimwona mtoto huyo barabarani peke yake au na mtu asiyemfahamu, atauliza.

Sharti moja na walinzi: mpaka wa matumizi uwe wazi. Kwenye uwanja wa shule, usiingie wakati wanafunzi wapo. Kwenye msikiti, siku ya Ijumaa mchana kaa mbali.

Hatua ya nne: chagua saa

Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni za dhahabu. Jua la Dar kuanzia saa nne hadi saa kumi ni kali kwa ngozi changa, na vifaa vya chuma huunguza. Gusa bembea au mteremko wa chuma kwa mgongo wa mkono wako kabla mtoto hajapanda. Ukishindwa kuushikilia mkono hapo, asipande. Maji ya kunywa mpe kabla hajaomba.

Jioni kuanzia saa kumi na nusu ni nzuri, isipokuwa kwenye viwanja vya mpira, maana ndiyo saa ya vijana kucheza na mpira ukimpiga mtoto kichwani si mzaha. Chukua kona iliyo nyuma ya goli lisilotumika, au subiri asubuhi.

Mbu wa homa ya dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Nguo nyepesi ya mikono mirefu na suruali inasaidia, na makopo na matairi yenye maji yaliyosimama yamwagwe. Magharibi ikikaribia, rudini. Mbu wa malaria ndio anaanza zamu yake.

Hatua ya tano: amua nani anatazama

Wakiwepo watu wazima wanne, mtoto anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko akiwa na mmoja, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Semeni kwa sauti: "Sasa hivi namwangalia mimi." Ukitaka kwenda chooni, mkabidhi mtu kwa jina na usubiri aitikie. Simu iwe mfukoni.

Umbali nao una kanuni. Karibu na maji ya aina yoyote, mtoto awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila kupiga hatua. Karibu na barabara, mkono wake uwe ndani ya wako. Kwenye uwanja uliozungushiwa uzio na uliokwisha kukaguliwa, mwache aende. Mwache kweli. Hatua ishirini mbele yako, ageuke, akuone, aendelee. Kuanguka kwenye nyasi, kupanda jiwe linalofika magotini, kuchafuka, kushindwa na kujaribu tena, hayo ndiyo tuliyomletea. Mzazi anayemfuata mtoto nyuma nyuma akimshika kwapa hamlindi zaidi. Anamnyima nafasi ya kujifunza mwili wake unafika wapi.

Kuhusu njia: mtoto wa umri huu habebwi kwenye bodaboda, awe mbele au katikati. Bajaji ni afadhali, mtoto akiwa katikati ya mtu mzima na ukuta wa nyuma, si upande wa wazi. Kwenye daladala subiri lenye nafasi ya kukaa.

Sehemu za matembezi

Hizi ni za mara mojamoja. Kote huku fanya ukaguzi uleule ukishafika, kwa sababu mji hubadilika.

Bustani ya Mimea iko katikati ya mji, karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao, na leo ni kipande kidogo tu cha ilivyokuwa, lakini miti yake mikubwa inatoa kivuli ambacho huwezi kukipata kwingine Posta. Nzuri asubuhi za Jumapili magari yakiwa machache. Mtoto atataka mizizi na majani makavu, wewe utataka benchi. Ukivuka kwenda Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, kuna eneo la nje na magari ya zamani ya viongozi. Watoto wa miaka miwili hupenda magari kuliko mafuvu ya kale. Uyatazame naye bila kumruhusu kupanda.

Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara ya Bagamoyo, ndicho chaguo langu la kwanza kwa mtoto anayetembea vizuri. Ni kiwanja kipana chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, ardhi ni ya mchanga, na magari hubaki nje. Milango ya nyumba ni mifupi, giza la ndani linawavutia watoto, na mwanangu huingia na kutoka nyumba ileile mpaka tuchoke sisi. Tangulia kuingia kila nyumba kabla yake. Kuna vizingiti, miti iliyochongoka na mara nyingine nyigu. Siku za ngoma sauti ni kubwa. Mtoto mwoga wa kelele mpeleke asubuhi siku ya kazi.

Eneo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, lina nyasi, miteremko na miti. Kaa mbali na barabara zake za ndani, kwa sababu madereva hukimbiza. Tumbili wapo, kwa hiyo mtoto asishike ndizi wala biskuti akiwa chini.

Bahari inahitaji maelezo zaidi. Coco Beach huko Oysterbay ni ya wote na haina kiingilio, ila Jumapili jioni imejaa watu kiasi kwamba mtoto akipotea hatua tano humwoni. Nenda asubuhi, siku yoyote isiyo ya sikukuu. Fahamu saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kuondoka nyumbani. Pwani yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua takriban saa sita, na kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Ufuo wote uliokuwa uwanja unaweza kumezwa. Uzuri ni kwamba kwenye bamvua maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, karibu saa nne, kwa hiyo mkifika mapema mtapata mchanga mpana, mgumu na vidimbwi vya maji yaliyosalia. Vidimbwi hivyo ni furaha kuu ya mtoto, na ni maji pia: mkono wako umfikie. Avae viatu, miamba ina makali. Maji yakianza kupanda, kusanyeni vitu, msingoje yafike miguuni. Mihogo ya kukaanga mle mkiwa mmeshanawa.

Fukwe za Kigamboni zina nafasi zaidi. Ukipita kwa kivuko cha Magogoni, mtoto awe amebebwa kwa mbeleko tangu kwenye foleni hadi mnapotoka geti la pili. Msongamano wa kupanda na kushuka ndio wenye hatari. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo visubiri mtoto akue, au boti iwe na jaketi la kuokolea linalomkaa mtoto wa kilo zake. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimsaidii.

Sehemu za kulipia

Kumbi za michezo ndani ya maduka makubwa na viwanja vya mahoteli vinafaa siku ya joto kali. Kabla ya kulipa, tazama kama kuna eneo la watoto wadogo lililotengwa. Mtoto wa miaka minane anayeruka huwa hamwoni wa miaka miwili, na majeraha mengi hutokea hapo. Jumba la kupulizwa upepo lazima liwe limefungwa ardhini kwa kamba pande zote, na lisitumike upepo ukivuma sana. Bembea: tikisa mnyororo, tazama kulabu zilizolika. Chini ya kila kifaa cha kupanda kuwe na mchanga wa kina au mpira, si zege. Uliza nani anasimamia na utazame kama kweli anatazama watoto. Kama bwawa la kuogelea liko eneo hilohilo na halina uzio wake lenyewe, mimi siingii, na nakushauri usiingie.

Msimu wa mvua

Masika, Machi hadi Mei, na vuli za Oktoba hadi Desemba, mitaro hufurika na mashimo hujificha chini ya maji ya rangi ya chai. Mtoto asikanyage dimbwi ambalo hukuliona likiwa kavu. Waliowahi kuishi bonde la Msimbazi, kama Jangwani, wanajua hili kuliko mtu yeyote. Siku hizo tumia baraza, korido au chumba kilichotolewa meza: magodoro chini, mito ya kupanda, boksi kubwa la kuingia na kutoka. Mvua ikikata, rudia ukaguzi wa mifuniko kabla ya kutoka.

Mtoto akipotea machoni

Anza na maji. Kisima, karo, pipa, bwawa, mtaro, kwanza kabisa, kabla ya chini ya kitanda, kabla ya kwa jirani. Mtu mmoja aende getini au barabarani. Piga kelele, taja jina na nguo aliyovaa. Usione haya, mtaa utatoka. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kama unashuku mtoto yeyote anadhuriwa au anatendewa vibaya, namba ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo.

Kama mtaa wako hauna kitu

Yapo maeneo kama hayo, mengi, na hapo si kosa la mzazi. Anzeni na familia tatu au nne zenye watoto wa umri mmoja. Chagueni ua mmoja ulio bora, gharimieni pamoja mfuniko wa karo na geti lenye komeo la juu, na mpeane zamu za jioni. Mwenye ua asibebeshwe usafi peke yake.

Wakati huohuo ulizeni kuhusu eneo la wazi. Mitaa iliyopimwa ina ramani ya mipango miji, na maeneo ya wazi huonyeshwa humo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inayalinda yasibadilishwe matumizi kiholela. Ramani ipo kwenye halmashauri yenu: Jiji la Dar es Salaam, ambalo ndilo Ilala ya zamani, au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Anza na mtendaji wa mtaa, umwombe akueleze kiwanja gani kimetengwa na kwa matumizi gani. Nimeona kiwanja kilichokuwa jalala kikisafishwa Jumamosi moja na wazazi wenye reki na mifuko ya sandarusi, kisha kikazungushiwa matairi yaliyopakwa rangi.

Mkiomba kukitunza rasmi, andikeni barua kupitia serikali ya mtaa, mweke majina na sahihi za wakazi, mchoro mdogo wa kiwanja na picha za hali yake ya sasa. Omba jambo moja tu kwa kuanzia: kiwanja kitumike na watoto wadogo asubuhi na jioni, na magari yasiegeshwe hapo. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine mrudi nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ihifadhiwe na mtu ambaye si mpangaji, ili siku mtu atakapofika na lori la matofali muwe na cha kumwonyesha mwenyekiti.